Jana na Kesho kwa Neno Moja

Birere ni mtaa wa Goma, mashariki mwa Kongo, uliobanana na mpaka wa Rwanda, na humo lugha hupishana kama chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, barabarani. Mtu akitamka "ejo" kwa Kinyarwanda, asiyeizoea lugha hiyo hatajua kama anadaiwa deni la jana au anaahidiwa malipo ya kesho, maana neno ni hilohilo kwa siku zote mbili. Kitenzi ndicho kinachofichua. Pembeni yake, aliyelelewa kwa Kilingala atasema "lobi", na utata ni uleule: lobi ni jana, lobi ni kesho. Kiswahili, lugha wanayopatania bei wote wawili, ndicho kilichoitenga jana kule na kesho huku.

Petna Ndaliko Katondolo, mwongozaji filamu wa mji huu, aliyaunga maneno hayo mawili akapata jina la mtindo wake: Ejo-Lobi. Nje ya Afrika wachambuzi huuita mtindo huo afrofyuturisimu, neno lililozuka Marekani miaka ya 1990 kuelezea sanaa ya watu weusi inayowaza siku zijazo. Jina la Goma lina nafuu yake. Halihitaji roketi wala mavazi ya angani. Linadai tu kwamba anayetaka kuizungumzia kesho ya Kongo asijifanye hajaiona jana.

Kwa zaidi ya miaka ishirini Katondolo amekuwa mwongozaji, mwalimu na mwanaharakati, na ni vigumu kusema kazi ipi kati ya hizo ni ya kwanza. Mwaka 2000 alianzisha Yole!Africa, kituo cha sanaa kwa vijana. Mwaka 2005 akaanzisha tamasha la filamu la Salaam Kivu. Ni mkurugenzi wa sanaa wa kampuni ya Alkebu Film Productions, na amekuwa msanii mgeni katika Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill, Marekani. Tazama majina ya filamu zake: Matata, Kapita, Kumbuka. Msomaji wa Tanga au wa Mombasa hahitaji mkalimani.

Ili kuelewa kwa nini kamera yenyewe ni jambo la siasa huku, inabidi kuhesabu mara ambazo Goma imeingia kwenye televisheni za dunia. Julai 1994 wakimbizi karibu milioni moja walivuka kutoka Rwanda ndani ya siku chache, kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu, na waandishi wa habari wakamiminika. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, uji wa moto ukapita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya njia ya ndege na kuishia ndani ya Ziwa Kivu. Novemba 2012 waasi wa M23 waliuteka mji na kukaa siku kumi na moja. Mei 2021, volkano tena. Januari 2025, M23 tena, na safari hii wakabaki.

Kila mara picha zinafanana: mama mwenye furushi mgongoni, mtoto anayelia, kijana mwenye bunduki, kisha muzungu aliyevaa fulana ya kuzuia risasi akiwasemea wote. Hakuna uongo katika picha hizo. Mama alikuwepo, mtoto alilia. Lakini kati ya msiba na msiba watu wa Goma walijenga nyumba na kuta kwa mawe meusi ya lava ileile iliyowafukuza, walioana, walishtakiana viwanja, walicheza rumba hadi alfajiri, na hayo yote hayakupata mnunuzi.

Yole!Africa haikuzaliwa Goma. Mwaka 2000 vita vya pili vya Kongo vilikuwa vimepamba moto, na Goma ilikuwa makao makuu ya waasi wa RCD. Kampala, upande wa pili wa mpaka wa Uganda, ndiko kituo kilikoanzia, miongoni mwa vijana waliotupwa pamoja na vita hivyo. Baadaye kikavuka kurudi nyumbani. Wanaopita pale hujifunza kushika kamera na kuhariri filamu, muziki, dansi, uandishi wa habari. Kwa orodha tu kinaonekana kama kituo kingine chochote cha vijana. Tofauti ni kwamba pale mtu hafundishwi kamera kama fundi anavyofundishwa nyundo. Anaulizwa pia: picha hii unamtengenezea nani, na atakayeitazama atakuona wewe au ataona anachokitafuta?

Swali hilo lilikuwa na uzito wake katika mji ambao wengi walijifunza sinema ndani ya vibanda vya video, kwenye viti vya mbao, wakitazama makonde ya Hong Kong na hirizi za Nollywood. Afrika Mashariki yote inavijua vibanda hivyo. Kampala ina ma-VJ wake wanaoisimulia filamu ya kigeni kwa Kiganda huku ikiendelea, na Dar es Salaam mtu wa umri fulani ukimtajia msimulizi Lufufu atacheka kabla hujamaliza. Vijana waliokulia humo hawakuwa wageni wa sinema. Walichokosa ni kujiona wenyewe ndani yake.

Tamasha la Salaam Kivu lilikuja kujaza pengo hilo. Si tamasha la zulia jekundu. Filamu huonyeshwa, ndiyo, lakini pamoja nazo huja warsha, muziki na mashindano ya dansi, na kwa vijana wengi dansi ndiyo inayowaleta. Filamu huwakuta wakiwa wameshafika. Tamasha la Zanzibar, ambalo lilianza mwaka 1998, lina Ngome Kongwe, upepo wa bahari na watalii wenye pochi. Mtalii wa Goma ni mfanyakazi wa shirika la misaada aliyepewa ruhusa ya kutoka hadi saa fulani.

Na hapo tunafika penye mfupa mgumu, yaani fedha.

Tangu Umoja wa Mataifa ulete askari wake wa kulinda amani Kongo mwaka 1999, Goma imekuwa mojawapo ya miji yenye mashirika mengi ya misaada kupita kiasi. Watu huyaita kwa kifupi cha Kifaransa, ONG, na mwajiri mkubwa wa msanii ni hayo. Mwimbaji huitwa aimbe kuhusu kunawa mikono. Mwenye kamera huitwa atengeneze filamu ya dakika kumi dhidi ya ubakaji, au dhidi ya kuwaingiza watoto jeshini. Mteja anakuja na ujumbe, bajeti, nembo na tarehe ya kukabidhi kazi. Msanii anakuja na kipaji. Ujumbe ulishaamuliwa kabla hajapigiwa simu.

Tusiyaonee mashirika hayo. Kipindupindu ni cha kweli na sabuni inasaidia. Kodi ya nyumba nayo ni ya kweli, na msanii aliyekubali kazi hiyo si msaliti. Tatizo ni la miaka ishirini, si la wimbo mmoja. Kizazi kizima cha wasanii kinaweza kujifunza kwamba hadithi inayolipwa ni ile ya mhanga, na kwamba Mkongo katika hadithi hiyo ana nafasi mbili tu, ya kuumizwa na ya kuokolewa. Mtaalamu wa muziki Chérie Rivers Ndaliko, aliyeshiriki kazi za Yole!Africa kwa miaka mingi, aliandika kitabu kizima juu ya mtego huu, Necessary Noise, kilichochapwa na Oxford University Press mwaka 2016. Anauita ubeberu wa hisani. Ni maneno makali, lakini mtu aliyewahi kusubiri kwenye korido ya ofisi ya wafadhili na andiko la mradi mkononi hatayaona makali mno.

Mfano ulio wazi ni wa mwaka 2010. Aprili mwaka huo Margot Wallström, mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili wa kingono katika vita, aliiita Kongo makao makuu ya ubakaji duniani. Alitaka dunia iamke, na iliamka: kamera zikaja kwa wingi kuwatafuta wanawake waliobakwa wasimulie. Mwaka uleule Katondolo alitoa Jazz Mama. Filamu hiyo haiufichi ukatili. Wanawake ndani yake wanaulaani waziwazi. Lakini wanaulaani wakiwa wamesimama, wakiwa na kazi, heshima na maoni, na mtazamaji hapewi nafasi ya kuwaonea huruma kwa urahisi. Mwanamke hatambulishwi kwa jeraha lake. Kwa mtazamo wa mwandishi huyu, uamuzi huo mmoja, wa kumtambulisha mtu kwanza kwa kitu kingine, ndio siasa yote ya Katondolo ikiwa imekunjwa ndani ya picha moja.

Filamu yake fupi ya Kapita, ya mwaka 2020, inakwenda nyuma zaidi. Neno lenyewe lina historia. Lilitoka kwa Wareno, likasafiri na misafara ya biashara hadi ndani ya bara, na katika Kongo ya Wabelgiji kapita alikuwa msimamizi wa kazi, Mwafrika aliyewekwa juu ya Waafrika wenzake shambani, mgodini na barabarani. Watanzania wangesema mnyapara. Kapita hakuwa mwenye mgodi, na hakuwa kuli. Alikuwa kati, na fimbo aliyoishika haikuwa yake.

Katondolo anachukua filamu za zamani za kikoloni kuhusu uchimbaji wa madini na kuziweka uso kwa uso na Kongo ya leo. Filamu hizo za zamani zilikuwa nyingi. Ubelgiji ulipenda sana kulipiga picha koloni lake, na uliwapigia picha watu wa aina mbili tofauti. Wabelgiji nyumbani walipewa filamu kama Bwana Kitoko ya André Cauvin, ya mwaka 1955, kuhusu ziara ya Mfalme Baudouin. Jina hilo ni nusu Kiswahili, nusu Kilingala, yaani bwana mzuri. Waafrika nao walitengenezewa zao na wamisionari. Kule Kasai, padri Albert Van Haelst alitoa vichekesho vya Matamata na Pilipili, mnene na mwembamba, ambavyo watu wazima wa huko waliendelea kuvikumbuka miongo kadhaa baadaye. Filamu walizotazama Wazungu, Mkongo hakuruhusiwa kuziona hivihivi. Ilibidi kwanza zipite kwenye kamati na kukatwa. Serikali ya kikoloni ilijua vizuri kuliko sisi kwamba picha ni mambo ya utawala.

Ukitaka kujua mhariri anaweza kufanya nini na mali ya aina hiyo, chukua kipande kimoja cha kawaida cha filamu za mgodi za wakati ule. Safu ya wanaume vifua wazi inapita, kila mmoja na sururu begani. Juu yao kuna sauti ya Kifaransa, ya uchangamfu, ikieleza tani ngapi zimechimbwa, na muziki wa bendi ya shaba. Sasa ondoa sauti. Ondoa bendi. Punguza mwendo. Mtu wa tatu kwenye safu anageuza shingo na kuitazama kamera, labda kwa sekunde moja tu. Katika filamu ya kwanza humwoni, kwa sababu unasikiliza tani. Katika ya pili hakuna kingine cha kutazama. Hakuna picha mpya iliyopigwa, hakuna neno lililoongezwa, na kile kilichokuwa tangazo la kampuni kimegeuka ushahidi. Huo ndio ufundi wa kukata upya picha za kumbukumbu, na Ejo-Lobi unauhitaji kama mshonaji anavyohitaji mkasi.

Katondolo haachi mambo yaishie kwa Wabelgiji. Madini yanaendelea kutoka. Ile koltani inayochimbwa Rubaya, magharibi ya Goma, hutoa tantali inayoingia kwenye simu na kompyuta za dunia nzima. Kapita naye yupo, ingawa siku hizi anaweza kuvaa tai au magwanda. Jina la filamu linamuuliza mtazamaji wa Goma swali lisilopendeza, na haliwahusu Wazungu peke yao.

Filamu hizi si rahisi. Zinaruka kutoka mwili wa mcheza dansi hadi karatasi ya kumbukumbu, hazisemi nani ni nani, na anayetafuta mwanzo, kati na mwisho atajikuna kichwa. Sembène Ousmane wa Senegali, baba wa sinema ya Kiafrika, aliiona sinema kama shule ya jioni ya watu wasiosoma, na akasimulia kwa unyoofu ili mama muuza samaki aelewe. Katondolo yuko mbali na njia hiyo. Mtu anaweza kuuliza, tena kwa haki, kama filamu inayoshangiliwa Amsterdam na Chapel Hill inamfikia mwendesha pikipiki wa mtaa wa Majengo, Goma. Jibu lake linaonekana zaidi katika kituo na tamasha kuliko katika filamu zenyewe: mwendesha pikipiki huyo, au mdogo wake, anaweza kuingia Yole!Africa na kutengeneza ya kwake.

Tena mafumbo yana kazi nyingine Kivu Kaskazini, jimbo la Goma. Kusema wazi kuna bei. Lucha, vuguvugu la vijana lililoanzishwa Goma mwaka 2012, limewazika baadhi ya wanachama wake na wengine wengi limewatoa gerezani. Mwimbaji Delcat Idengo, aliyejulikana kwa nyimbo za kuwakosoa wenye nguvu wa kila upande, aliwahi kufungwa katika gereza la Munzenze mjini humo. Tarehe 13 Februari 2025, wiki chache baada ya Goma kutekwa, alipigwa risasi akafa, katika siku aliyokuwa akirekodi video ya wimbo. Mbele ya habari kama hiyo, msanii anayesema kwa dansi na picha za enzi ya ukoloni hana haja ya kujitetea.

Filamu ya Katondolo iliyozungumzwa sana ilianza kama filamu ya mtu mwingine. Mwaka 2020 Mholanzi Joris Postema alitoa Stop Filming Us, yaani acheni kuturekodi. Alikuwa amefika Goma na swali la kweli: je, mtu wa Magharibi anaweza kuionyesha Kongo bila kurudia jicho la mkoloni? Akawafuata wasanii wa mjini, wakiwemo wapiga picha Mugabo Baritegera na Ley Uwera na mwandishi wa habari Bernadette Vivuya. Wanajadiliana, wanamkosoa, naye anajikosoa. Ni filamu ya mtu muungwana. Lakini Mzungu akijihoji kwa saa moja na nusu, bado ni yeye aliyeshika usukani kwa saa moja na nusu.

Katondolo hakuandika barua ya malalamiko. Alichukua picha zilezile akazipanga upya, akazichanganya na za kwake na za kumbukumbu, na mwaka 2021 tamasha la filamu za hali halisi la Amsterdam likaonyesha Kumbuka. Majina hayo mawili yote ni amri. La kwanza linamwambia mgeni aweke kamera chini. La pili ni amri ya umoja, limeelekezwa kwa mtu mmoja tu, na halimtaji. Kwa mtazamaji wa Goma huenda ni yeye. Mwaka uliofuata Vivuya na Kagoma Ya Twahirwa wakatoa jibu lao, Stop Filming Us But Listen, wakiongeza sharti: acheni, lakini sikilizeni. Kwa hiyo sasa zipo filamu tatu zilizotoka kwenye safari moja ya Mholanzi mmoja, na mbili kati yake zimekatwa na Wakongo.

Filamu nyingine ya namna hiyo itachelewa, na sababu si uhaba wa mawazo. Januari 2025 uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa na benki zikafunga milango. Mwenye kutaka noti alilazimika kutegemea pesa za simu na makato yake, au kuvuka mpaka hadi Gisenyi, upande wa Rwanda, kupanga foleni kwenye mashine. Mwongozaji aliyetaka kumlipa mtu wa sauti na mtu wa taa kwa siku tatu za kazi alianza kwanza na safari hiyo, kitambulisho mkononi, akipita Birere, mahali ambapo ukimuuliza mtu hali hii ilianza lini au itaisha lini anaweza kukujibu kwa neno lilelile.